Barafu Kisauni: tulivyoanza kucheza Frostgrave kwa vifuniko vya soda

Najua nimepotea humu kwa muda mrefu, na nyinyi wachache mnaopita kutafuta mambo ya hifadhidata na seva mnisamehe, leo hamna. Leo ni mchezo. Tena si wa kompyuta. Ni mchezo wa mezani, hauna skrini wala betri, na stima ikipotea mnawasha mshumaa mnaendelea. (Ilipotea mara mbili. Tukaendelea.)

Unaitwa Frostgrave. Mtunzi wake ni Joseph A. McCullough, na wachapishaji ni Osprey Publishing wa Uingereza: toleo la kwanza 2015, la pili 2020. Sisi tunatumia la pili. Kisa chake ni kwamba palikuwa na mji mkubwa wa wachawi, Felstad, ukafunikwa na barafu miaka elfu moja. Sasa barafu imeanza kuyeyuka, na wachawi wa siku hizi wanaingia na vikundi vyao kupekua magofu na kunyang'anyana hazina. Kila mtu ni kisanamu kimoja mezani, na kikundi kizima hakizidi watu 10. Si vita vya majeshi, ni fujo la vichochoroni. Kwa hiyo kama umewahi kuona ile michezo ambayo mtu hununua visanamu mia na kuvipaka rangi mwaka mzima kabla hajacheza hata mara moja, huu sio.

Sasa, imekuwaje mtu kama mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika programu za wenye maduka na bohari, nikaingia barafuni?

Ni mpwa wangu. Ana miaka 12, na humu nitamwita Kijana kwa sababu hajanipa ruhusa ya kutumia jina lake. Mama yake, dada yangu, alienda Ghuba kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, na mtoto akaja kwetu Kisauni, tunakoishi na mama yangu. Si mtoto msumbufu. Ingekuwa afadhali angekuwa msumbufu. Alikuwa anakula, anaosha sahani yake, anajibu "ndiyo mjomba", kisha anajifungia na simu. Nilijaribu kumfundisha kuandika programu, nikamwekea yule paka wa Scratch. Alimtembeza paka kushoto na kulia kwa adabu tupu, akauliza kama anaweza kwenda.

Jioni moja nilikuwa naangalia picha alizonitumia mwenzangu wa kazi aliyeko Uingereza, za meza yake ya Frostgrave. Kijana akapita nyuma yangu na kikombe cha chai, akasimama.

"Mjomba, hizo ni nyumba za nani?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kwa muda wa miezi miwili. Usiku ule ule nikalinunua faili la kitabu.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo kila mtu wa fani yetu atalitambua. Badala ya kucheza, nilikaa chini nikaandika programu. Ya kusajili vikundi. Ya kuhesabu sarafu. Ya kutunza majeraha, yenye hifadhidata yake na kurasa za kuingilia kwa neno la siri, wakati wachezaji ni wawili na wanalala nyumba moja! Nikaongeza dadu ya kompyuta, maana mchezo wote unatumia dadu ya pande 20 na hiyo sikuiona dukani hapa mjini. Wiki mbili zikaenda. Kila nikimaliza kitu naona kingine. Kijana alikuwa anakuja kuchungulia, mwishowe akauliza, "Kwani mchezo wenyewe ni huu wa kuandika?"

Nikaona haya. Tukaanza kesho yake.

Vitu tulivyohitaji vilipatikana nyumbani au kwa jirani. Kitabu kinasema wazi kwamba visanamu vyovyote vinafaa. Vile rasmi vinatengenezwa Nottingham na North Star, na ni vizuri sana, lakini nilipopiga hesabu ya usafiri na ushuru nikafunga ule ukurasa. Tulichapa picha za watu wadogo, tukazibandika kwenye kadibodi, na chini yake tukagundisha kifuniko cha soda. Kifuniko cha soda kinakaribiana sana na kitako cha kisanamu cha milimita 28, kana kwamba walishauriana. Kete mbili za sataranji zikawa majini. Magofu ni trei za mayai na ile povu nyeupe ngumu inayokuja na friji. Ukiikata vibaya inamwaga punje nyeupe meza nzima, na hiyo ndiyo theluji yetu. Meza inatakiwa iwe futi 3 kwa 3. Ya kulia chakula inatosha. Vipimo vyote ni vya inchi, basi tukaazima futikamba ya cherehani ya Mama.

Vikabaki vitu viwili vigumu: dadu na majina.

Nilileta ile dadu ya kompyuta. Kijana akaiangalia, akabonyeza mara tatu nne, akasema, "Hii umeiandika wewe." Nikamwambia ndiyo. "Basi inaweza kukupendelea." Nikaanza kumweleza jinsi kompyuta inavyotoa namba za bahati nasibu, kwamba kuna mbegu, kwamba hata mimi siwezi kujua itakayofuata. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Lakini siioni ikitupwa."

Hakuwa na makosa. Ingekuwa mteja anayeniambia hivyo ningemheshimu.

Mama yangu naye hataki dadu ndani ya nyumba yake. Kwake dadu ni kamari, hamna la kumweleza. Kwa hiyo tulichukua vifuniko 20 vya soda, tukaandika 1 mpaka 20 kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani, tukavitia kwenye soksi. Unatikisa, unachomoa kimoja, unakionyesha, unakirudisha. Kihesabu ni dadu ya pande 20 kamili, mradi kifuniko kirudi kabla ya mwenzako kuchomoa. Mama akaitazama soksi, akaguna, akaenda zake. Tukachukulia kwamba ni ruhusa.

Majina yalileta shida kubwa zaidi. Kiongozi wa kikundi ni mchawi, na neno hili si la kuchezea huku kwetu. Kuna wazee wa pwani hii wamepoteza maisha kwa sababu mtu alilitamka. Siku ya kwanza Kijana alipaza sauti, "Mchawi wangu ana nguvu kuliko wako!" na Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Tukakaa tukatafuta. "Mlozi" ni lile lile. "Mganga" halikumkaa. Mama mwenyewe, akiwa bado na mwiko, ndiye aliyesema kwamba zamani mtu wa namna hiyo aliitwa fundi. Na ni kweli, hata wa ngoma za pepo ni fundi. Basi yeye ni Fundi, msaidizi wake ni Mwanagenzi, na yale mambo yake ya ajabu tukayaita mizungu. Nadhani yamekaa vizuri kuliko ya Kiingereza, ila mimi ni mpendeleo.

Sheria zenyewe si nyingi. Unaanza na sarafu 400. Fundi ni bure, Mwanagenzi ni 100, na zinazobaki unaajiri askari wasiozidi 8, na wale wa daraja la juu wasizidi 4. Jambo zuri la toleo la pili ni kwamba majambazi na wezi wa kawaida ni bure kabisa, kwa hiyo hakuna anayeanza na kikundi pungufu. Fundi ana mizungu 8, na inatoka katika matawi 10 ya elimu: kuna wa wakati, wa mauti, wa viini macho, wa kuita majini na kadhalika. Mitatu ni ya tawi lako, mmoja mmoja kutoka matawi matatu ya jirani, na miwili ya mbali. Kadiri tawi lilivyo mbali na lako, ndivyo namba ya kufaulu inavyopanda. Kijana alichagua tawi la moto na dhoruba. Mtoto wa miaka 12, ulitarajia nini. Mimi nilichukua la vitu na mitambo, ambalo lina mzungu wa kuisogeza hazina kutoka mbali bila kuigusa. Uvivu wa kitaalamu.

Mshale wa moto wa Kijana unahitaji 12, yaani vifuniko 9 katika 20, 45%. Ukikosa kidogo si kitu. Ukikosa kwa 5 au zaidi Fundi anaumia mwenyewe. Na hapa pana kitu nilichokipenda sana: ukichomoa 10 unaweza kulipa afya 2 za Fundi ili ifike 12. Anajichoma ili achome. Kijana alimlipisha Fundi wake kila mara, mpaka akawa anatembea na afya 5 kati ya 14 na bado anatafuta ugomvi.

Kupigana ni rahisi. Kila mmoja anachomoa, anajumlisha namba yake ya mapigano, mkubwa ameshinda. Ile jumla yake unaitoa ngao ya aliyeshindwa, kinachobaki ndicho jeraha. Mkilingana mnaumizana wote.

Sasa niruhusuni kidogo niwe mimi. Dadu mbili za kawaida hupenda katikati: 7 hutoka mara 6 katika 36, na 12 mara 1 tu. Soksi yetu haipendi popote. Mimi nilikuwa nimenunua askari mmoja ghali, wa farasi lakini bila farasi, mwenye mapigano +4 na ngao 13, sarafu 125. Kijana alikuwa na majambazi wa bure, mapigano +2. Wakikutana wawili, kuna michomoo 400 inayowezekana. Wangu anashinda 229, mnalingana 18, na jambazi anashinda 153. Yaani jambazi wa bure anamshinda mtu wa sarafu 125 zaidi ya mara moja katika kila tatu. Ngao nene inasaidia asife upesi, lakini namba ile ilinikera. Halafu kuna hii: kila mwenzako anayesimama pale kwenye ugomvi anakuongezea 2. Majambazi wawili dhidi ya mtu wangu, basi mko sawa kwa sawa. Mimi nilihitaji kalamu kulijua hilo. Kijana aliliona kwa macho mchezo wa kwanza, akatuma watatu.

Mmoja wa wale majambazi alimpa jina la Ajenti.

Sikuuliza. Ajenti ndiye aliyekuwa anatangulizwa kila mahali, milango yenye mitego, mbele ya jini, kwenye kona walipo wapiga upinde wangu. Na Ajenti hafi! Mchezo wa kwanza alitoka na hazina, na ukibeba hazina mwendo unakuwa nusu na unapigana kwa pungufu ya 1, ni mtu wa kuuawa na mtoto. Nilimlenga mara nne. Mwenyewe Kijana alikuwa anamwangalia kwa hasira, kama vile soksi imemdhulumu.

Aliyempenda ni mbwa. Mbwa wa vita ndiye askari wa kulipia wa bei ya chini kabisa, sarafu 10. Anakimbia inchi 8 wakati wengi wetu tunakwenda 6, lakini afya yake ni 8 tu, na hawezi kubeba hazina. Kihesabu ni wa kuziba njia. Kijana alimwita Simba, na hakumbandika picha ya kuchapa. Alimfinyanga kwa udongo, sikio moja limeanguka. Simba hakuwahi kutangulizwa popote. Alikuwa anakaa kando ya Fundi.

Tulicheza Jumamosi nne. Meza ilikuwa haiondolewi, tukawa tunakula mkekani, na Mama akalalamika lakini si sana. Kijana alianza kuongea. Si na mimi hasa. Na askari wake. Lakini nilikuwa pale.

Katika wiki ya nne dada alinipigia. Mwajiri anataka aongeze mwaka mmoja, na yeye amekubali, kwa sababu deni la ajenti lilikuwa limekula miezi ya mwanzo na hajaweka chochote. Hatakuja Desemba. Akaniomba nisimwambie mtoto bado, mpaka atafute maneno. Nikakubali. Ilikuwa Alhamisi.

Jumamosi tukacheza. Hazina 5 mezani, moja katikati ya magofu, na Kijana akaacha tahadhari yake, akampeleka Simba mbio kumzuia mwizi wangu. Alikuwa sahihi, ndiyo mchezo uliotakiwa. Lakini alimwacha wazi mbele ya mpiga upinde. Nilichomoa 17, na kulenga kwake ni +2, jumla 19. Kijana akachomoa 4, na mapigano ya mbwa ni +1. Nikatoa ngao 10, jeraha 9. Afya 8.

Kuanguka mezani si kufa. Baada ya mchezo kila aliyeanguka anachomolewa tena: 1 mpaka 4 amekufa kweli, 5 mpaka 8 anakosa mchezo unaofuata, 9 kwenda juu amepona. Amekufa kweli maana yake amekufa kweli, hakuna kuanza upya, jina linafutwa karatasini. 80% mbwa anaishi. Nilimwambia hivyo, "Asilimia themanini, usijali." Akatia mkono kwenye soksi akakaa nao humo kwa muda.

Ilikuwa 3.

Hatukusema kitu. Kisha mimi, mjomba mwema, nikasema hiki kifuniko kimefutika, huenda ni 8, chomoa tena. Kilikuwa hakijafutika. Tatu ilikuwa nyeusi tiii.

Kijana akakigeuza kile kifuniko mkononi.

"Ni tatu, mjomba."

"Tunaweza tukasema..."

"Ukinibadilishia hii, nitajuaje zile nyingine zilikuwa za kweli?"

Sijui kama alikuwa na maana ya vifuniko peke yake. Mimi sikusikia vifuniko. Nilitoa simu mfukoni nikaiweka kifudifudi juu ya theluji, nikamwambia mama yako hatarudi Desemba. Ameongeza mwaka. Nilijua tangu Alhamisi, na niliambiwa nisikwambie.

Hakulia mbele yangu. Aliuliza maswali, moja moja, kama mtu anayesoma sheria: ni yeye aliyetaka au walimlazimisha? Atalipwa zaidi? Deni limebaki kiasi gani? Nilimjibu yote niliyoyajua kwa namba, na la deni nilimwandikia kwenye karatasi ya kikundi chake, nyuma. Akaikunja. Akamchukua Simba, akamtia kwenye kiberiti kitupu, akaenda kulala saa mbili usiku.

Dada alinikasirikia, na alikuwa na haki, nilivunja ahadi yake. Tuliongea kwa shida siku mbili. Ijumaa, siku yake ya kupumzika, alipiga akaomba azungumze na mtoto, na mimi nikatoka nje nikakaa kibarazani. Niliporudi baada ya nusu saa Kijana alikuwa bado kwenye simu, anamweleza mama yake jinsi ngao inavyotolewa kwenye jumla. Akawa anamrudishia tangu mwanzo, kwa subira ambayo mimi sikuwa nayo kwa yule paka wa Scratch. "Hapana Mama, ya aliyeshindwa. Ya aliyeshindwa."

Programu yangu ya vikundi bado ipo kwenye seva, haina mtumiaji hata mmoja. Akitokea anayeitaka aniandikie, nitampa bure. Kwa anayetaka kuanza: faili la kitabu, soksi, vifuniko 20, na mtu wa kucheza naye. Cheza kabla ya kupaka rangi chochote.

Kijana ana sarafu 140. Nilimwambia mbwa mwingine ni 10 tu, akakataa, amebakiza nafasi ile wazi na anakwenda na askari 7 badala ya 8. Mama yake ameomba apewe mtu mmoja kikundini, naye amempa Ajenti, "amwambie yeye mwenyewe aende wapi". Dada alicheka mpaka laini ikakatika. Jumamosi hii yeye ataagiza kwa simu na Mama yangu, ambaye hataki dadu nyumbani kwake, amekubali kumchomolea.